Wananiita Daktari, na sasa kijana niliyekabidhiwa haoni vizuri

BARUA YA MSOMAJI

Mshauri, salamu.

Mimi ni fundi wa vyuma, nina umri wa miaka 41, na miaka 17 nimeimalizia kwenye karakana moja. Tunatengeneza mageti, madirisha ya nondo na kenchi za paa. Tuko watu tisa. Nakuandikia usiku, maana usingizi umenikimbia.

Pale kazini wananiita Daktari. Sikujipa jina hilo. Lilikuja lenyewe, kwa sababu mtu akiingiwa na chuma jichoni haendi hospitali, anakuja kwangu. Anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaegemeza kichwa ukutani, mwenzake anashika tochi ya simu. Mimi nachonga njiti ya kiberiti, naizungushia uzi mwembamba, namwambia aangalie juu na asipepese. Ukimulika kwa pembeni chuma kinaonekana, nukta nyeusi ndogo kuliko kichwa cha pini. Nikikwangua mara mbili tatu kinatoka. Mtu analengwa na machozi, anacheka, anarudi kwenye grinda. Nimewatoa wengi mno, siwezi kuwahesabu, na nilijivunia mkono wangu usiotetemeka.

Kuna kijana wa miaka 19 anayejifunza kazi kwangu. Mama yake alimleta mwenyewe kwa miguu yake, akaniambia, "Fundi, nimekukabidhi mwanangu, mfunze kama wako." Ni mtoto mwenye adabu na anashika kazi upesi.

Wiki tatu zilizopita tulikuwa na kazi ya haraka. Mawe ya grinda ndogo yalikuwa yamekwisha, yamebaki yale ya grinda kubwa, basi tukafungua kinga ya grinda ndogo ili jiwe kubwa lienee. Si mara ya kwanza kufanya hivyo. Miwani ya kazi karakana nzima ni jozi mbili, na zote zimekwaruzika hivi kwamba ukivaa unaona kama umetazama kupitia mfuko wa nailoni. Kijana hakuvaa. Hata mimi siku hiyo sikuvaa. Jioni akaja kwangu jicho la kulia limefumba. Nikamtoa chuma. Lakini kilikuwa kimekaa tangu asubuhi, na kilipotoka kiliacha pete ya rangi ya kahawia, kama kutu. Nikaona nisiache kutu kwenye jicho la mtoto wa watu. Nikaendelea kukwangua.

Aliumia sana. Kwenye sanduku la vifaa tuna kichupa cha dawa ya matone ambayo ukitia, maumivu yanaisha hapo hapo. Mwenzetu mmoja aliipata zamani, na tunaitumia hata macho yakichomwa na mwanga wa kuchomelea. Nikampa aende nayo nyumbani. Akawa anatia kila akisikia maumivu. Siku ya nne jicho likawa jekundu kabisa, linatoa usaha, na katikati pametokea doa jeupe.

Nilimpeleka hospitali mimi mwenyewe. Wakasema ana kidonda kwenye kioo cha jicho, ile sehemu angavu ya mbele. Daktari akamwuliza, "Nani alikugusa jicho?" Nilikuwa nimesimama pembeni yake. Kijana akanitazama, kisha akasema, "Hakuna." Nami nikanyamaza. Sasa anatibiwa, maumivu yamepungua, lakini jicho lile anaona ukungu.

Yamenifika mambo matatu kwa pamoja. Mzee mwenye karakana ameandika karatasi inayosema kijana alipewa miwani akaivua kwa ukaidi, na kwamba chuma kilimwingia baada ya saa za kazi akifanya shughuli yake binafsi. Anataka nitie sahihi kama shahidi. Mzee huyu si mtu mbaya. Alinipokea sina kitu, akanifunza kazi yote, akanisimamia hata siku ya ndoa yangu. Yeye mwenyewe ana doa jeupe kwenye jicho la kushoto na hutuambia, "Chuma ni chumvi ya kazi." Anasema tukiandika vingine karakana itafungwa na wote tisa tutarudi nyumbani. Mke wangu anasema nitie sahihi ninyamaze, tuna watoto watatu shuleni.

La pili, mama wa kijana alinipigia simu. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Fundi, ilikuwaje?" Nikamwambia nitampigia baadaye, na sijampigia mpaka leo.

La tatu, juzi mwenzetu alikuja jicho limefumba, akasema, "Daktari, nitoe." Nikamwambia nimeacha kazi hiyo. Akachukua kiberiti, akaenda kwenye kioo cha pikipiki, akajitoa mwenyewe huku namwangalia.

Mkono wangu ndio uliomharibu yule mtoto. Nimwambie mama yake? Nitie sahihi? Na wenzangu nikiwakatalia, si ninawaacha wajiumize zaidi?

Fundi asiyelala

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, ndugu yangu, pole. Pole wewe, pole kijana, na pole kwa mama yule anayesubiri simu.

Nimeisoma barua yako mara nne. Unabeba mizigo mitatu na umeifunga kwa kamba moja. Upo wa kijana na mama yake, ambao umeuita mkono wako. Upo wa karatasi ya mzee, unaokuweka kati ya mtu aliyekulea kikazi na mtoto uliyekabidhiwa. Na upo wa wenzako wanaokuja na njiti zao. Ukiitazama kwa pamoja inaonekana haibebeki. Naomba tuifungue kamba, kwa sababu mmoja kati ya hiyo hauwezi kusubiri, na si ule unaokunyima usingizi zaidi.

Unaniuliza kama umwambie mama. Mimi ningependa kwanza kukuuliza kuhusu daktari. Kijana alipojibu "hakuna", ulilipokea jibu hilo kama zawadi, kwamba amekuficha. Inawezekana ni upendo, inawezekana ni woga, inawezekana ni vyote. Lakini jibu lile lilimnyima anayemtibu mambo mawili makubwa.

La kwanza ni kichupa. Kwa jinsi ulivyoieleza, dawa inayoondoa maumivu ya jicho papo hapo karibu hakika ni dawa ya ganzi. Madaktari wanaitumia tone moja au mawili pale kwenye kiti wanapokagua jicho, na hawampi mgonjwa aende nayo nyumbani. Ngozi nyembamba inayofunika kioo cha jicho hujiponya kwa chembechembe zake kutambaa taratibu na kuziba jeraha. Dawa ya ganzi ikirudiwa rudiwa inazilemaza chembechembe hizo, jeraha linakaa wazi, na jicho lisilosikia maumivu halijui tena kujilinda kwa kufumba na kutoa machozi. Mtu anadhani anapona kumbe kidonda kinachimba. Akijua kwamba kijana aliitumia siku tatu, daktari atakiangalia kidonda kile kwa jicho jingine. Tena kichupa kilichopita mikono mingi, kikifunguliwa karibu na vumbi, kinaweza kubeba vijidudu chenyewe. Na kwenye kidonda cha jicho ni muhimu sana kujua kilichokishambulia ni bakteria au ni fangasi, kwa sababu dawa zake ni tofauti.

La pili ni chuma chenyewe. Je, siku ile kijana alikuwa anakata kwa grinda tu, au alikuwa pia anapiga nyundo kwenye tindo, au anagonga gamba la kuchomelea, lile linaloganda juu ya chuma kilichounganishwa? Nauliza kwa sababu chembe za grinda mara nyingi hunasa juu ya kioo cha jicho, lakini kipande kinachoruka chuma kikigongwa na chuma kinaweza kutoboa na kuingia ndani kabisa. Tundu lake ni dogo, huweza kujifunga, na maumivu huwa kidogo. Chuma kikibaki ndani kinayeyuka polepole na kutia sumu kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na mtu anaweza kuja kupoteza uwezo wa kuona miezi au miaka baadaye, wakati hata tukio lenyewe ameshalisahau. Daktari akiambiwa kazi yote iliyofanyika siku ile anaweza kuamua kama inafaa kupiga picha ya eksirei au ya sitiskani. Asipoambiwa, atalitibu lile analoliona.

Kwa hiyo hapa siwezi kukaa kando nikasema ni hiari yako. Nakuomba, kama ndugu. Hilo unaweza kulifanya hata kabla hujaamua lolote kuhusu mama, mzee au karatasi. Zungumza na kijana kwanza, umwondolee mzigo wa kukuficha: "Mdogo wangu, nashukuru, lakini tukamwambie daktari kila kitu." Unayemwambia ni daktari, na anachokitafuta ni namna ya kuliokoa jicho.

Sasa kuhusu mkono wako. Umeandika, "Mkono wangu ndio uliomharibu." Sitakufuta machozi kwa kusema hukuhusika. Ulihusika. Ile pete ya kahawia ni kutu kweli, hapo hukukosea. Chuma kikikaa kwenye kioo cha jicho kwa saa kadhaa kinaanza kuacha kutu, na kutu hiyo huondolewa hospitalini, chini ya darubini, kwa sindano safi au kifaa maalumu. Mara nyingine daktari mwenyewe huiacha ilainike kwa siku moja kabla ya kuigusa tena. Kioo cha jicho unene wake katikati ni karibu nusu milimita. Njiti ya kiberiti, hata kwenye mkono usiotetemeka, inachimba mahali ambapo hapana nafasi ya kuchimba. Na nadhani wale wengi waliorudi kwenye grinda wakicheka ndio waliokufanya uamini ni salama. Wangapi kati yao wana makovu madogo wasiyoyajua? Mzee wako doa lake alilipataje?

Lakini rudi nyuma kidogo ya njiti. Kabla ya mkono wako kulikuwa na grinda isiyo na kinga, na jiwe lisilo lake. Hapo, Fundi, niliposoma nilishtuka kuliko hata kwenye njiti. Jiwe la milimita 180 limeandikwa kwamba lisizidi mizunguko 8,500 kwa dakika. Grinda ndogo ya milimita 115 huzunguka karibu mara 11,000. Jiwe kubwa ukilifunga humo, ukingo wake unafika karibu mita 104 kwa sekunde, wakati limetengenezwa kwa mita 80. Linaweza kupasuka, na likipasuka bila kinga vipande vinaelekea usoni na shingoni. Siku ile mlipata chembe moja tu, na kijana yuko hai. Na kabla ya grinda kulikuwa na kazi ya haraka, mawe yaliyokwisha, na miwani ambayo mtu mwenye akili timamu anaivua kwa sababu akiivaa haoni anachokata. Mwenye kuvua miwani ya namna hiyo mimi simwiti mkaidi. Yote haya yalitangulia mkono wako, na ukijilaumu peke yako utaiacha karakana ilivyo, imsubiri kijana mwingine.

Tuje kwenye karatasi ya mzee. Naona ulivyobanwa, na sitajifanya kwamba ni jambo jepesi kwa mtu aliyesimamiwa ndoa yake na huyo huyo anayemwomba sahihi. Njia zipo, na kila moja ina gharama.

Unaweza kutia sahihi. Utabaki na kazi, angalau kwa sasa, na nyumbani patakuwa shwari kwa muda. Lakini angalia karatasi ile inafanya nini. Inasema aliumia nje ya kazi, kwa ukaidi wake. Nchi nyingi zina sheria ya fidia kwa anayeumia kazini, na maneno hayo mawili ndiyo yanayoweza kumfungia kijana mlango huo, pengine kwa maisha yote ya jicho lile. Sahihi itakuwa yako. Kijana anajua ukweli, wenzako saba waliokuwepo wanajua, na jambo likifika mbele ya mamlaka, aliyetia sahihi ushahidi wa uongo ndiye huulizwa kwanza.

Unaweza kukataa. Utamvunja moyo mzee, na huenda ukapoteza kazi. Hilo ni la kweli na mkeo hakosei kuliogopa. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981 unamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga vinavyohitajika, na unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi fedha yoyote. Mwaka 2022 shirika hilo liliiweka kazi salama kati ya haki za msingi kazini. Nakutajia hayo ujue kwamba unachokitaka si makuu. Lakini mkataba haulipi ada ya shule mwisho wa mwezi. Kabla ya kukataa hadharani, ni vyema ujue ofisi ya kazi ya mahali ulipo inamlindaje shahidi, na kama kuna chama cha wafanyakazi kinachoweza kusimama nawe.

Ipo pia njia ya kati, ingawa nayo ina miiba: kumwendea mzee peke yake, jioni, wengine wakiwa wameondoka, na kumwambia kwamba karatasi hii huwezi kuitia sahihi, ila uko tayari kukaa naye muandike ile iliyotokea, pamoja na sehemu yako. Ukianza na kosa lako mwenyewe, unampa nafasi ya kuona la kwake bila kudhalilika. Anaweza kukufukuza papo hapo. Anaweza pia kunyamaza muda mrefu. Nawaza juu ya lile doa lake jeupe. Mtu huyu alipoumia, pengine naye alikuwa kijana, akaambiwa chuma ni chumvi ya kazi, na hakuna aliyewahi kumwambia pole. Umewahi kumwuliza ilikuwaje? Sisemi kwamba hilo linamwondolea wajibu wake. Nasema huenda anayeandika karatasi ile ni mtu mwenye hofu, na mwenye hofu huzungumzika kwa namna tofauti na mwovu. Wewe ndiye unayemjua.

Na mkeo, je, umemsimulia yote, au umemwambia habari ya sahihi tu? Anakushauri kutokana na alichokisikia. Mweleze habari ya njiti na kichupa, kisha msikilize upya.

Mama wa kijana. Umejiuliza umwambie au usimwambie. Lakini yeye hakukuuliza nani mwenye makosa, aliuliza ilikuwaje. Kwa mzazi haya ni maswali mawili. Ukimwambia, unaweza kupokea hasira, unaweza kupelekwa mbele ya sheria, na huwezi kuyachagua maneno yatakayomtoka. Ukinyamaza, upo uwezekano mkubwa atasikia kwa mwingine, maana mlikuwa tisa na kijana ni mwanawe. Jambo moja ningelichunga: usimfuate ili akusamehe. Mtu akienda kuungama kwa ajili ya kujitua, humtwisha mwenzake kazi ya kumfariji, na mama huyu ana kazi ya kutosha. Kama utakwenda, nenda na kitu cha kumpa. Unaweza kumpa tarehe ya kumrudisha kijana kliniki, nauli, ahadi kwamba utasema ulichokiona ikihitajika, na jibu la swali alilouliza. Na kabla hujaenda, mwulize kijana. Ana miaka 19, jicho ni lake, na ana haki ya kujua kinachosemwa kulihusu.

Imebaki ndoo iliyopinduliwa, na mwenzako kwenye kioo cha pikipiki. Picha hiyo imenikaa kichwani. Uliacha kukwangua, na ulifanya jambo zito, lakini mahali pako pakabaki patupu na kiberiti kikapajaza. Wanakuja kwako kwa sababu hospitali ni siku nzima bila malipo, na kwa sababu unawamulika na kuwashika kichwa kwa upole. Je, hiyo sehemu ya pili lazima iishe?

Daktari wa karakana anaweza kuwa mtu mwenye maji safi badala ya njiti. Mtu akija, mkalishe kwenye ndoo ile ile, nawa mikono, mwoshe jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika kadhaa huku anapepesa. Asilisugue. Chembe iliyolala juu tu itatoka na maji. Isipotoka, au ikiwa inaonekana imenasa kwenye sehemu nyeusi, au anaona ukungu, usiiguse, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, kabla kutu haijashika. Na ikiwa kitu kimechoma jicho kwa nguvu, au kuna damu, au mboni imebadilika umbo, usioshe wala usikandamize, lifunike jicho kwa kitako cha kikombe safi kisichogusa jicho lenyewe, na aende mara moja. Hapo jina lako litabaki, na pengine wakikuona wewe mwenye mkono usiotetemeka unasema "hili siligusi", wataamini kuliko bango lolote.

Hata hivyo maji huja baada ya chembe. Kuhusu miwani, nakusihi msikubali zozote zilizo rahisi kupatikana. Zinazofuata kipimo cha Ulaya cha EN 166 zina herufi kwenye kioo na kwenye fremu. F maana yake zimejaribiwa kwa gololi ndogo ya chuma iendayo mita 45 kwa sekunde, B mita 120, na A mita 190. Linganisha na ukingo wa jiwe, mita 80. Miwani ya kawaida yenye mikono ya masikioni hufika F tu. Ile inayoziba pande zote inaweza kufika B, na ngao ya uso mzima A. Ndiyo maana anayekata kwa grinda huvaa miwani inayoziba na ngao ya uso juu yake, na kinga ya grinda ikabaki mahali pake. Mkipata yenye herufi N, imetengenezwa isishike ukungu wa jasho, jambo ambalo huwafanya wengi waivue.

Kwenye kuchomelea, macho yanaungua kwa miale ya urujuanimno, na maumivu huja baada ya muda wa saa 6 hadi 12, mara nyingi usiku wa manane, kama macho yamejaa mchanga. Kwa kazi ya kawaida ya vijiti vya umeme, kati ya ampea 60 na 160, kioo cheusi cha kuchomelea namba 10 ndicho kinachopendekezwa, na miwani ya jua haifiki hata karibu. Lakini wengi huumia wakati kofia ya kuchomelea imeinuliwa, fundi anapogonga gamba. Miwani safi ya kawaida ikikaa chini ya kofia muda wote, gamba likiruka linaikuta. Na wale vijana wanaoshika chuma pembeni nao wanaungua, kwa hiyo pazia au ubao wa kuzuia mwanga ni wao. Jioni, kabla ya kuvua ngao, inameni, mfumbe macho, mpanguse nyusi na nywele. Chembe nyingi huingia wakati huo, kazi ikiwa imekwisha.

Fundi, katika barua yako yote hukusema neno kuhusu macho yako mwenyewe. Miaka 17, na siku ile hukuvaa. Utakapompeleka kijana, nawe kaa kwenye kiti ukaguliwe.

Sijakuambia utie sahihi au usitie, na sijui mzee atasema nini ukimkalia jioni. Niandikie tena, hata kama habari si nzuri. Ila kesho au keshokutwa, mtakapokwenda kwa daktari, chukueni kile kichupa kutoka kwenye sanduku la vifaa, kama kilivyo, msikioshe wala msikibandue karatasi, mkiweke mezani kwake.

Mshauri wako